Kiti cha Kushoto

Siku nilipofungua mlango wa kushoto wa pikapu yetu nilitaka kutengeneza kioo tu. Kilikuwa hakipandi, na mvua ilikuwa inaingia. Nikatoa skrubu moja moja, nikaondoa ubao wa ndani, nikaingiza mkono. Kwanza nikashika vipande vya kioo, vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Halafu mabawa ya senene, wale panzi tunaowala kwetu, makavu, mengi, yakavunjika vidoleni. Mwisho nikatoa shanga tatu nyeusi. Nilizijua. Zilikuwa za tasbihi.

Nikakaa kwenye nyasi nikavipanga vyote juu ya ubao. Kioo cha mlango kilikuwa kizima. Sasa hivi vipande vilikuwa vya kioo gani? Na senene waliingiaje ndani ya mlango uliofungwa kwa skrubu? Wakati ule haukuwa hata msimu wao. Na sisi ni Walutheri, nyumbani kwetu hakuna mwenye tasbihi.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya watu wa Izigo, kijiji chetu, nikatoa neno langu kwamba gari hili halijawahi kuanguka. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Gari la mtu mwingine lingekuwa na mabawa ya senene hata ndani ya injini, nisingejali.

Nieleze lilivyokuja.

Miaka ile kahawa ilikuwa inalipa, na watu wa kwetu walianza kuezeka bati, wengine wakanunua magari. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, alitaka gari la kuchukua watu siku za soko kwenda Bukoba, na mara mojamoja Muleba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, nakaa nyumbani nangoja barua ya kazi, na kungoja sikuwezi. Shuleni dereva wa lori alikuwa amenifundisha kuendesha na kusafisha plagi. Kwa hiyo nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa magari.

Asubuhi moja Tata akasema, "Kesho tunakwenda Bukoba. Kuna mtu anauza gari. Utaliangalia."

"Mtu gani?"

"Mtu ninayemfahamu."

Mwenye gari alikuwa mzee wa Kiislamu, Mhaya kama sisi, mwenye duka la nguo karibu na soko. Alitupokea uani kwake amevaa kanzu safi. Mkewe hakutoka. Nilisikia tu fimbo ikigonga sementi nyuma ya pazia, polepole, halafu ikanyamaza. Gari lilikuwa limefunikwa turubai. Alipolifunua, nilipendezwa sana. Rangi ya kijani, mpya, bado inanuka.

Nikafungua boneti. Nikapiga hendeli, injini ikawaka mara ya pili. Mzee akaniomba nizime haraka, nami nikazima. Nikalala chini na shati langu jeupe. Nikasoma kadi yote, kwa Kiingereza, kwa sauti, ili wajue naelewa. Mwenye gari alikuwa mmoja tu tangu mwanzo. Nikainuka nikauliza swali ambalo dereva wa shule aliniambia lazima niulize.

"Samahani mzee, gari hili limewahi kuanguka?"

Mzee akafungua mdomo. Akamtazama Tata. Tata naye alikuwa anamtazama, kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayesubiri chakula kiive. Kisha Tata akageuza uso akaniambia, "Si umesoma? Liangalie mwenyewe."

Basi nikalizunguka tena. Nikabonyeza hapa na pale. Nikasema, "Halijawahi kuanguka."

Mzee akainamisha kichwa. Nilidhani ameona elimu.

Akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akachagua tunda moja, akalipasua kwa ukucha, punje moja akaweka mdomoni mwake, ya pili akampa Tata. Mimi akanisukumia kikapu kizima. Nilifikiri ni ubahili wa watu wa mjini, kugawa tunda moja la kahawa watu wazima wawili. Lakini mbahili hasukumi kikapu kizima kwa mgeni. Nikaandika jambo hilo kwenye daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza.

Nyumbani watu walikuja kuliona gari kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga. Tata akaniambia nipande kwenye ngazi ya mlango. "Waambie."

Nikawaambia. Nimeliangalia, ni zima, halijawahi kuanguka, mtu yeyote apande bila wasiwasi.

Jirani yetu, mjane anayeuza ndizi sokoni, akauliza kutoka nyuma, "Msomi, umeliangalia lote?"

"Lote, bibi."

"Na chini?"

"Na chini. Shati langu si mliliona?"

"Na juu?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, bila kujua kinachochekesha.

Siku za soko zikaanza. Nyuma tuliweka mabenchi mawili na turubai, na mbele kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, kushoto kwangu. Nafasi hiyo haikupata mtu. Siku ya kwanza ilinyesha kweli, na turubai lilikuwa linavuja. Nikamwita yule mjane aje akae mbele.

"Huko ni kwa wakubwa," akasema, ndizi zake zikichuruzika maji.

Nikamwita mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alisema nyuma kuna hewa. Alikuwa amejifunika gunia kichwani. Hata Tata, siku alizosafiri nasi, alipanda nyuma pamoja na watu. Nikaamini wananiheshimu, kwamba dereva aliyefika sekondari anaachiwa nafasi. Nililiandika hilo pia, na sasa nikilisoma naona aibu.

Siku nilipopata zile shanga sikumwambia Tata. Nilizifunga kwenye leso, nikawasha gari, nikaenda Muleba peke yangu. Huko kulikuwa na fundi wa bodi, mtu wa pwani aliyekuja zamani akaoa kwetu. Hakuniuliza shida yangu. Alilizunguka gari mara moja, akapanda kwenye tairi, akagonga paa kwa kifundo cha kidole.

"Sikiliza," akasema. Akagonga mahali pengine. "Umesikia? Pale ni bati tupu. Hapa wamejaza risasi ya kuyeyusha, wakapiga tupa, wakapaka rangi. Kazi nzuri. Si yangu, lakini nzuri."

"Maana yake nini?"

"Maana yake lililala chali."

Nikamwambia haiwezekani, nililiangalia mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyeliangalia?"

"Ndiyo."

Akachukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine, ili asinicheke.

Habari alikuwa nayo. Miaka miwili nyuma, mwezi wa kumi na moja, senene walishuka asubuhi, wengi mpaka barabara ikawa kijani. Wanawake walijaa njiani na vikapu wanaokota. Yule mzee wa Bukoba alikuwa anaendesha mwenyewe, mkewe kushoto. Kwenye mteremko akamkwepa mwanamke mmoja aliyeinama, magurudumu yakateleza juu ya senene, gari likabiringika likalala kwa paa. Mzee hakuumia. Mkewe alivunjika nyonga.

"Tangu hapo anatembea na fimbo," fundi akasema. "Na injini hii anaijua. Ikiwashwa tu, anaacha chochote anachofanya, hata chakula. Gari likawekwa uani, likatengenezwa, likafunikwa. Bukoba nzima wanajua, nani angelinunua? Mpaka akapatikana mtu mmoja wa Izigo."

"Huyo ni baba yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakueleza taratibu."

Nikamwuliza kama gari ni la hatari. Akalala chini, akatazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi. Breki ni nzima, akasema, chasisi imepinda kidogo, ndiyo sababu linavuta kushoto. Nilishike tu. Nilikuwa nimeona linavuta kushoto, nikadhani ni barabara.

Njiani kurudi nilikuwa nimekasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani. Yule mzee alimdanganya Tata. Hilo nililiona wazi mpaka nilipofika nusu ya safari. Hapo nikakumbuka fundi alivyosema, Bukoba nzima wanajua. Tata anakwenda Bukoba kila wiki.

Nilimkuta kwenye kibanja, anakata majani makavu ya migomba. Sikumsalimu hata.

"Tata, gari lilianguka."

Akakata jani jingine. "Nani amekwambia?"

"Fundi wa Muleba. Na mlango wenyewe." Nikafungua leso.

Akaweka kisu chini. Akazichukua zile shanga, akazigeuza kiganjani, akazitia mfukoni mwake kama vile ni zake.

"Ulijua?" nikauliza.

"Nilijua."

"Kabla ya kununua?"

"Kabla."

"Sasa kwa nini ulinipeleka nikaliangalie?"

"Ili uulize."

"Niliuliza. Ukanikatiza."

"Ndiyo," akasema. "Nilimwonea huruma."

Nilisimama pale nikiona kama tunazungumza habari za magari mawili tofauti. Tata akanitazama, akainua shati. Chini ya kitovu ana kovu dogo, limenyooka. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza ni la nini, akaniambia alianguka juu ya nguzo ya mgomba. Wote nyumbani tunajua hadithi ya nguzo ya mgomba.

"Hii siyo nguzo," akasema.

Walikuwa vijana, yeye na yule mzee, wanabeba kahawa vichwani kwenda Bukoba. Kabla hajabatizwa. Waliapizana omukago, undugu wa kuchanjana: kila mmoja akachanjwa kidogo, wakachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila punje ikapakwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Baadaye mwenzake akaenda msikitini, yeye akaenda kanisani, na kanisani mambo hayo hayatakiwi. Wakanyamaza. Hata mama hakuambiwa, ingawa kwa maoni yangu mama anajua.

"Mtu wa namna hiyo humwulizi kama anakudanganya," Tata akasema. "Hata kumwonyesha kwamba umeona, hapana. Anatakiwa aseme mwenyewe."

"Aseme kwamba gari lilianguka?"

"Nilimwambia zamani, macho yako hayaoni vizuri, tafuta dereva. Akaniapia hataendesha tena. Halafu nasikia mkewe yuko hospitali. Nikaenda. Akaniambia, shemeji yako ameteleza uani. Ananiambia hivyo na watu wodini wananitazama. Mwaka wa pili huu nangoja anieleze."

"Ukanunua gari lake."

"Lilikuwa linamtesa shemeji. Na nilisema, akiliuza kwangu, lazima atasema. Hakusema. Nikaona wewe si wa omukago, wewe unaweza kuuliza. Ukauliza. Nilipomwona uso wake, nikashindwa."

Nikamwambia angeweza kuniambia mimi, mtoto wake. Akaokota kisu.

"Wewe unaandika kila kitu," akasema.

Daftari lilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nikauliza habari ya watu, kwa sababu hilo lilikuwa langu. Nimewaambia halijaanguka, na wanapanda kwa neno langu.

"Usiwaambie," Tata akasema. "Ukisema, watasema mtu yule amemwuzia ndugu yake gari bovu."

"Lakini ndivyo alivyofanya."

"Wewe ndivyo unavyoona."

Siku tatu nilijaribu kulielewa jambo hilo. Yule mzee alimficha Tata. Tata alijua, akamficha yule mzee kwamba anajua. Wote wawili wakanificha mimi, wakanisimamisha mbele ya watu. Na sasa ninatakiwa niwafiche watu ili mtu aliyedanganya asionekane amedanganya. Kila nilipojaribu kuliandika, sentensi ilinigeuka mkononi. Nani alikuwa amemkosea nani? Shuleni nilikuwa mzuri katika hesabu. Hii haikuwa hesabu.

Siku ya soko ikafika. Tata alisema naye anakwenda Bukoba. Watu wakapanda na mizigo yao, mjane akapanda wa mwisho na ndizi. Nikashika hendeli, nikajiambia nitalinyamazia, Tata amesema. Kisha nikamwona mjane anavyojisogeza kwenye benchi, amemshika mjukuu wake magotini, nikashindwa. Nikaenda nyuma nikainua turubai.

"Kabla hatujaondoka," nikasema. "Niliwaambia gari hili halijawahi kuanguka. Nilikosea. Lilianguka, likalala kwa paa. Fundi anasema breki ni nzima. Anayetaka kushuka ashuke."

Hakuna aliyeshuka. Halafu yule mwalimu akamwambia mwenzake, "Amefika paa."

Gari zima likacheka.

"Mlijua?" nikauliza.

"Washa gari, msomi," mjane akasema, "ndizi zinaivia hapa."

"Bibi, ulijua?"

"Mwana wange, yule mwanamke aliyekwepwa ni dada yangu. Mpaka leo hataki kuokota senene, ananunua." Wakacheka tena. "Kwa nini unadhani nakaa nyuma naloweshwa?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulisema umeliangalia na chini."

Nilirudi mbele masikio yakinichoma. Nilimtafuta Tata kwa macho, nikitegemea hasira. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kushoto. Akaufungua, akaingia, akakaa kwenye kile kiti. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Bukoba, watu waliposhuka sokoni, akaniambia nisiende mpaka nyumbani kwa mzee. Nisimamishe mbali, nizime injini, tutembee. Nilielewa hilo bila kuelezwa, na nilifurahi kwamba kuna kitu nimeelewa. Akaingia uani peke yake. Nikaambiwa ningoje.

Nilingoja kadiri nilivyoweza, ambayo si kadiri kubwa. Nikaenda mpaka kwenye kizingiti nikachungulia. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kikapu cha kahawa kati yao. Mzee alikuwa ameshika zile shanga tatu. Nyuma ya pazia fimbo iligonga mara moja, na sauti ya mwanamke ikasema, "Mwambie tu, amekwishazileta." Nikarudi garini haraka.

Baadaye wakaja wote wawili, mzee ameshika mkono wa Tata kama wanavyoshikana wazee wakitembea. Macho yake kweli hayakuwa mazuri. Aligusa gari kwanza, ndipo akajua limesimama wapi. Nikamwamkia shikamoo. Akaweka kiganja juu ya paa, mahali palepale fundi alipogonga.

"Kijana, uliniuliza swali."

"Ndiyo, mzee."

"Sikukujibu."

"Haidhuru, mzee."

"Inadhuru. Lilianguka." Akapapasa lile bati. "Mara mbili."

Tata akageuka. "Mara mbili?"

"Ile ya kwanza nilikuwa peke yangu. Lililala ubavu tu. Watu wawili wakalisimamisha, nikaja nalo nyumbani."

"Lini?"

"Wiki ile uliyoniambia nitafute dereva." Akafikiri. "Ulikuwa umeniambia asubuhi. Nadhani ilikuwa mchana wa siku ileile."

Sijawahi kumwona Tata ametazama mtu vile. Nilingoja aseme kitu. Nilidhani sasa ndipo nitaelewa, kwamba atakasirika au atasamehe, mojawapo, niandike. Alimtazama ndugu yake muda mrefu, naye ndugu yake alikuwa anatazama karibu na uso wa Tata, pembeni kidogo.

Tata akamwachia mkono. Akazunguka, akaingia garini, akavuta mlango wa kushoto. Haukushika. Akauvuta tena kwa nguvu, ukarudi. Mara ya tatu akaacha, akaushika tu kwa mkono kupitia dirishani.

"Nisalimie shemeji," akasema.

Tuliwapitia watu wetu sokoni tukarudi Izigo. Njia nzima aliushika ule mlango, na kila kwenye kona bati liligonga, na nyuma watu walikuwa wanaimba. Tulipokwisha kupita Kanazi nilisikia sauti upande wake. Ilikuwa kama kikohozi, na ilikuwa kama kicheko, na kwa muda niliogopa kwamba si kimojawapo. Nilitaka kumtazama nijue. Lakini gari lilikuwa linavuta kushoto, na nilihitaji mikono yote miwili na macho yote mawili kulishikilia barabarani.